Ada za kutua na kuegesha ndege ndogo: zipi ni za mamlaka, zipi ni za kampuni?

Mbawa_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za huko. Sisi ni watu wanne tunaomiliki Cessna 172 kwa pamoja, na tunailaza Kajjansi, kiwanja kidogo jirani na Entebbe, Uganda. Majuzi wawili wetu tuliipeleka kwenye uwanja mmoja mkubwa wa ukanda huu. Sitautaja, na kampuni iliyotuhudumia pia sitaitaja, maana nataka uzi huu uishi. Tulilala usiku mmoja, asubuhi tukaletewa ankara yenye mistari mingi kuliko orodha yangu ya ukaguzi kabla ya kuruka.

Ada ya kutua ilikuwa ndogo kuliko mistari yote. Naapa. Kilichotukata maini ni mstari wa "huduma za ardhini", ambao peke yake ulizidi kutua, kuegesha na uongozaji kwa pamoja. Na huduma zenyewe ni hizi: kijana alisimama mbele ya ndege akatupungia vijiti, akaweka vigingi viwili kwenye gurudumu la mbele, kisha basi dogo likatubeba hatua chache mpaka mlangoni. Mabegi tulibeba wenyewe. Ngazi ya nini, wakati mlango wa 172 mtu anaingia kwa kuinua mguu tu? Hata ndege kuisogeza pembeni tuliivuta wenyewe kwa fimbo yake.

Naomba wazoefu mnifafanulie. Kipi hapo kimeandikwa mahali na hakikwepeki, na kipi ni bei ya mtu tu?

Boda_wa_Ntinda

Banange! Mtu ana ndege halafu analia maegesho. Humu ndani mimi nimeingia kwa njia gani?

Mbawa_Juu

Ssebo, robo ya ndege. Robo! Na ilitengenezwa miaka ya 1970, imenizidi umri. Siku ya kupigwa ankara ndiyo pekee wote wanne hukumbuka kwamba sisi ni wabia.

Mzee_wa_Mnara

Mwanangu Mbawa, ngoja nikutenganishie. Ankara za namna hiyo huunganishwa kwenye karatasi moja, na rubani akitazama jumla humkasirikia asiyehusika.

Kuna pesa za mamlaka na kuna pesa za kampuni. Za mamlaka zimechapishwa. Fungua AIP ya Uganda, yaani kitabu rasmi cha taarifa za anga za nchi, sehemu ya GEN 4.1 utakuta ada za viwanja, GEN 4.2 utakuta ada za uongozaji wa ndege. Mpangilio huo ni wa kimataifa, kwa hiyo hata AIP ya Kenya, ya Tanzania au ya Ufaransa ukiifungua sehemu hizo utakuta jambo lilelile. Hapo hakuna kupatana bei. Ada ya kutua hufuata uzito wa juu ambao ndege imeidhinishwa kurukia, ule ulioandikwa kwenye hati zake, wala si uzito uliokuja nao siku hiyo. Ukija peke yako na tanki nusu unalipa sawa na yule aliyejaza viti vyote. Maegesho ni uzito na muda. Ukitua gizani, taa za njia ya kurukia zinaweza kuwa na mstari wake. Uongozaji ni hesabu nyingine kabisa.

Sasa tazama uzito. Cessna 172S ni kilo 1,157. Grand Caravan mnayoiona ikipeleka watalii kuona sokwe ni kilo 3,969. A330 ya Uganda Airlines inapita tani 200. Kwa uzito mtupu wewe ni senti kwenye mfuko wa uwanja. Ndiyo maana viwanja vingi huweka kiwango cha chini kabisa, yaani ukiwa chini ya uzito fulani unalipa kile kiwango hata ungekuja na ungo.

Pesa za kampuni ni habari nyingine. Hayo ni mapatano ya biashara kati yako na aliyekuhudumia, na hapo ndipo unatakiwa uulize kabla hujawasha injini nyumbani. Ukishaegesha, huna tena cha kubishia.

Na kwa wenye ndege za usajili wa 5Y (Kenya) na 5H (Tanzania) wanaodhani Entebbe inawabagua: Mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga wa kimataifa, kifungu cha 15, unasema ndege ya kigeni isitozwe zaidi ya ndege ya nyumbani ya daraja lilelile inayofanya shughuli za namna moja. Kifungu hichohicho kinakataza nchi kukutoza kwa sababu tu umeingia, umetoka au umepita kwenye anga yake. Unalipia huduma, hulipii ruhusa.

Mbawa_Juu

Asante sana Mzee. Kwa hiyo Entebbe nikipewa ankara ya mamlaka, naweza kukaa na AIP nikaikagua mstari kwa mstari?

Mzee_wa_Mnara

Unaweza na ufanye hivyo. Kagua kwanza uzito walioandika. Mara nyingi karani huchagua aina ya ndege kwenye kompyuta, na Cessna zina namba zinazofanana machoni pa asiyezijua. Kutoka 172 hadi 182 kilo zinapanda, 182 ya kisasa ni 1,406, na 206 ni 1,633. Beba nakala ya hati yenye uzito wako, mwonyeshe, yaishe.

Fundi_wa_Wilson

Hapa Nairobi tunaishi tofauti kidogo bana. Kwetu anayemiliki uwanja ni KAA na anayeongoza ndege na kusimamia sheria ni KCAA, kwa hiyo kutua na kuegesha unamlipa mmoja, uongozaji unamlipa mwingine. Tanzania vilevile, TAA na TCAA. Uganda ninyi mamlaka yenu ya usafiri wa anga, UCAA, ndiyo kila kitu: inamiliki Entebbe, inaongoza ndege, inatoa leseni na inakukagua. Kofia tatu kichwa kimoja. Sisemi ni mbaya, dirisha moja lina raha yake. Lakini siku ukitaka kulalamikia ada, unamlalamikia aliyeipanga, kwake mwenyewe.

Hapa Wilson, uwanja wetu wa ndege ndogo Nairobi, ndege pia mara nyingi ina mwenyeji: hanga ya fundi wake, kampuni inayoitunza, au klabu. Aero Club of East Africa iko tangu 1927. Mtu wa ndege ndogo hapa hahitaji basi la kumvusha. Hicho ndicho mnachokikosa Entebbe, kona ya watu wadogo.

Halafu swali langu la kifundi. Lami ya uwanja inachakazwa na magurudumu mazito. 172 ikitua kutwa nzima hapo haiachi hata alama. Mnatuambia tulipie nini hasa?

Mzee_wa_Mnara

Fundi, lami hukuichakaza, lakini muda umeula.

Nikiwa kazini, ndege nzito iko kwenye njia ya mwisho, nyuma yake kuna kijana na 172. Kitabu kinanitaka nimwachie maili 6 za anga nyuma ya ile nzito, kwa sababu upepo unaovurugwa na mbawa zake unaweza kumpindua mdogo. Nyuma ya kijana kuna ndege nyingine ya abiria, inakuja kwa mwendo karibu mara mbili ya wake. Nimweke wapi? Namzungusha juu ya ziwa, au nawachelewesha wale 70 na kitu walio nyuma. Kuruka nako ni hivyohivyo: mdogo akiruka baada ya mkubwa anasubiri dakika 2, na akianzia katikati ya njia badala ya mwanzo, dakika 3.

Kwa hiyo nikisikia "tunalipa bure" nacheka kidogo. Mnalipia nafasi mnayoichukua angani. Tunachoweza kugombania ni kiasi, na gharama zile zisizo na uhusiano na ndege ndogo. ICAO wenyewe, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwenye waraka wao wa sera za ada, Doc 9082, wanasema ndege za watu binafsi zitozwe kwa kiasi cha haki, kwa kutazama gharama ya vitu zinavyovihitaji na kuvitumia. Vinavyohitajika na kutumika. Basi la kukuvusha hukulihitaji.

Mhitimu_Soroti

Mkuu Mzee umenikumbusha shule ya urubani. Soroti tulikuwa tunagusa lami na kupaa tena mpaka mwalimu achoke. Chuo kile kilianzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, Jumuiya ikavunjika 1977, chuo kikabaki Uganda, lakini mpaka leo ukikaa na marubani wa Dar au Nairobi humkosi aliyepitia pale. Sisi wanafunzi hatukuwahi kuona ankara. Nilipotoka na kuanza kukodi ndege mwenyewe ndipo nikajua kwamba kwenye vitabu vya viwanja vingine kila kugusa ni kutua. Unafanya mazoezi ya saa moja, karani amehesabu kama vile mashirika manane yamekuja.

Anayetaka mazoezi ya kutua ayafanye kule anakolaza ndege, akimaliza aende uwanja mkubwa mara moja kwa kazi maalumu. Au aandike barua kabla, aombe bei ya mafunzo. Wapo wanaotoa, lakini hawakutafuti wakupe.

Dada_Caravan

Naona mnazungumza pesa tu, mimi nizungumzie mawingu.

Narusha Caravan kwenda Kidepo, Pakuba, Kihihi na Kisoro. Ada za kampuni yangu anazilipa mhasibu, sizioni. Lakini nina marafiki wa ndege ndogo, na kuna tabia yao moja inaninyima usingizi.

Kila anayeishi huku anajua ziwa linavyofanya. Usiku ngurumo zinakaa juu ya maji, mchana nchi kavu ikipata joto zinajengeka huku kwetu. Saa tisa alasiri unarudi kutoka kaskazini, mbele yako umesimama ukuta mweusi kuanzia Mukono mpaka Mpigi. Kajjansi haina ILS, ile mitambo ya redio ya kumwongoza rubani kutua asipoona vizuri, wala taa. Ni kiwanja kizuri cha mchana mweupe, basi. Entebbe iko pale pale jirani, ina ILS, ina taa, iko wazi saa 24, na kwanza ulikuwa unaongea na mnara wao tangu mwanzo kwa sababu Kajjansi iko ndani ya anga yao. Jibu linajulikana: unatua Entebbe, unakunywa chai, mvua ikipita unarudi nyumbani.

Sasa msikilize rubani mdogo kwenye redio. "Naomba nichungulie Kajjansi kwanza." Anachungulia nini? Anachungulia ankara! Anajua akigusa Entebbe kuna kutua, kuna kuegesha, kuna mtu wa vijiti, kuna basi. Anashuka chini ya wingu, barabara ya Entebbe iko kushoto, vilima vina minara ya simu, mvua inapiga kioo, na kichwani anafanya hesabu za dola.

Waingereza waliliona hili zamani. Kuna mpango uliopewa jina la Charles Strasser wa AOPA ya kwao, chama cha wamiliki na marubani wa ndege: viwanja zaidi ya 200 vilikubali kwamba rubani mdogo akigeuza njia kwa sababu ya hali ya hewa au shida ya kweli, hatozwi ada ya kutua. Gharama yake kwa uwanja ni karibu na sifuri, kwa sababu watu hao wanakuja mara chache. Hicho ndicho ningekipigania mimi. Ninyi piganieni hilo basi lenu la kuvushwa.

Mbawa_Juu

Dada, hilo la kuchungulia umeligonga. Sisemi ni nani kati yetu wanne, lakini yuko.

Boda_wa_Ntinda

Sasa mmeanza kunitisha. Nilikuja kucheka tu.

Mganda_Texas

Wapendwa salaam kutoka mbali. Huku Marekani viwanja vingi vidogo havitozi ndege nyepesi ada ya kutua kabisa, vinajengwa kwa fedha za serikali kuu zinazotokana na kodi, ikiwemo kodi ya mafuta ya ndege. Mchezo uko kwenye maegesho. Kampuni inayouza mafuta uwanjani inakutoza kuegesha, halafu inasema ukinunua galoni kadhaa ada inafutwa. Kwa hiyo watu hufika na tanki limepungua makusudi ili wapate pa kuegesha bure. AOPA ya huku imegombana na baadhi ya kampuni hizo kwa miaka, hasa pale ambapo uwanja ni wa umma lakini kampuni ni moja tu na bei haijabandikwa popote.

Jambo jipya ni ADS-B. Kile kifaa kinachotangaza ndege iko wapi kilifanywa cha lazima kwenye sehemu kubwa ya anga ya huku kuanzia 1 Januari 2020, na sababu tuliyopewa ilikuwa usalama. Sasa baadhi ya viwanja, Florida vikiwemo, vinachukua data hiyo kujua nani ametua, ankara inakufuata nyumbani kwa posta. Kelele zimekuwa kubwa hadi mwaka 2025 ukapelekwa muswada bungeni wa kuzuia data hiyo isitumike kukusanya ada. Hofu yenyewe ni ileile ya Dada: mtu ataanza kukizima kifaa ili akwepe ankara.

Fundi_wa_Wilson

Hiyo ya kununua mafuta ndiyo ufutiwe ada isingefanya kazi kwetu. Petroli ya ndege huku unaitafuta kama dawa. Kiwanja cha mkoani unaweza kukuta Jet A-1 ya ndege kubwa, ya injini ya pistoni hakuna. 172 inakula lita 30 na kitu kwa saa, 206 inakaribia 60, na bado inabidi ujue kabla hujaondoka kwamba utarudi na mafuta uliyoondoka nayo.

Pakuba_Asubuhi

Niruhusuni niseme lisilopendwa. Mimi naona ada za viwanja vya mikoani ni ndogo mno.

Nafanya kazi za watalii Murchison. Njooni mtazame Pakuba kabla ndege ya kwanza haijafika. Swala wamelala katikati ya njia kwa sababu pana joto na hapana majani marefu ya kumfichia simba. Kuna mtu anaamka kabla ya jua, anapita kuwafukuza. Wakati mwingine amewafukuza, anageuka tu, nyati wanatokea upande wa pili. Rubani mwenye akili anapita chini mara moja anatazama, ndipo anazunguka na kutua. Majani yanakatwa kila wakati, mvua ya huku haina mzaha. Soksi ya upepo inachanika, inashonwa au inabadilishwa. Zimamoto, uzio, mlinzi wa usiku. Halafu inashuka Cessna moja ya watu wawili, inalipa ada ambayo haitoshi mafuta ya mashine ya majani, na wanapiga picha ya risiti wanaituma kwenye WhatsApp kulalamika.

UCAA inashughulikia Entebbe pamoja na viwanja 13 vya mikoani, na Entebbe ndiyo inayowabeba wenzake. Abiria wa A330 ndiye anayetukatia majani Pakuba. Mkitaka punguzo, semeni pia ni nani ataongeza.

Mtoto_wa_Arua

Ndugu Pakuba, usituweke Arua kwenye hesabu hiyo ya kubebwa. Sisi tuna abiria kila siku, mashirika ya misaada yanapishana hapa.

Ila ninachoshukuru ni kwamba Arua, Gulu, Kasese, Pakuba na Kidepo vimepewa hadhi ya kuingilia na kutokea nchi. Zamani mgeni wa 5Y anayetaka kwenda Kidepo ilibidi ashuke mpaka Entebbe apigwe mhuri, alipe, halafu apande tena kaskazini. Hesabu mafuta ya kwenda na kurudi, ada ya kutua ni kichekesho mbele yake. Sasa unapanga mapema, unapiga simu wahamiaji na forodha wawepo, unashuka Kidepo moja kwa moja. Wasipopigiwa simu hawapo, na utakaa chini ya bawa unawasubiri.

Mbawa_Juu

@Pakuba_Asubuhi hoja yako naipokea, na kwa kweli mimi kutua sina tatizo nako. Nirudi kwenye hendlingi, yaani zile huduma za ardhini. Kuna anayejua kama ni lazima kisheria kwa ndege kama yetu, au ni mazoea tu?

Dada_Caravan

Inategemea uwanja na inategemea safari. Uwanja mkubwa hautaki watu wanatembea ovyo kati ya ndege kubwa zenye injini zinazozunguka, na hapo wana haki. Kwa hiyo mtu wa kukusindikiza utamhitaji. Swali ni lazima awe kampuni yenye bei ya Boeing, au anaweza kuwa askari wa uwanja na fulana yako ya manjano?

Fanya hivi. Kwenye AIP kila uwanja una kurasa zake, AD 2.3 ni saa za kazi, AD 2.4 ni huduma za ardhini zilizopo. Soma hizo kwanza. Halafu andikia kampuni, si kupiga simu, andika. Waambie ndege ni 172, uzito kilo kadhaa, watu wawili, hakuna mizigo, huhitaji ngazi, huhitaji kuvutwa, huhitaji umeme wa nje, huhitaji kusafishwa choo kwa sababu huna choo. Waulize bei ya chini kwa hayo. Nimeona watu wakipewa bei ya "ndege binafsi", na kwenye kichwa cha mwuzaji ndege binafsi ni jeti ya mheshimiwa. Usipomwambia atakuwekea zulia jekundu na utalilipia.

Wakikujibu, chapisha jibu uende nalo mkononi. Barua pepe iliyo kwenye simu isiyo na chaji haimsaidii mtu.

Mhitimu_Soroti

Na dola. Mkiambiwa mtalipa kwa dola taslimu, bebeni noti mpya zisizo na mkunjo wala muhuri. Nimemwona mtu mzima na leseni yake ya urubani anabembeleza noti ya zamani ikubalike, ndege imeshawashwa taa, mwenzake yuko ndani anatoa jasho.

Fundi_wa_Wilson

Bebeni pia vigingi vyenu na kamba zenu. Vigingi vya uwanja mkubwa vimetengenezewa magurudumu yanayonifika kifuani, ukiviweka kwenye 172 ndege inavipanda au inaviruka. Na kama mnalala karibu na ziwa msiache usukani huru. Fungeni kwa mkanda wa kiti, kamba kwenye mbawa zote mbili na mkiani. Dhoruba moja ya usiku itawagharimu kuliko ada za mwaka.

Boda_wa_Ntinda

Swali la mtu wa chini: na hapo Kajjansi penyewe mnalipa nani? Serikali?

Mbawa_Juu

Hapana ssebo, Kajjansi ni kiwanja cha watu binafsi. Mwenye kiwanja ndiye mwenye bei, na mgeni haingii bila kuomba ruhusa kwanza. Sisi wa kulala pale tunalipa kwa mwezi, tumezoeana. Hakuna basi, kuna mbwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwa kiasi.

Wakuu, kwa yote mliyosema nimeandika kipande cha barua. Tutaipitisha kwa marubani wenzetu wa Kajjansi, wakikubali tuipeleke mamlaka. Kisomeni mkikosoe:

"Tunaomba ndege zenye uzito usiozidi kilo 2,000 zinazokwenda kiwanja cha jirani zisitozwe ada ya kutua wala ya maegesho Entebbe zinapolazimika kutua hapo kwa sababu ya dharura, mradi ziondoke hali ikiruhusu. Tunaomba pia kampuni za huduma za ardhini zitakiwe kubandika bei ya ndege nyepesi mahali panapoonekana, ikitenganishwa na bei ya ndege za mashirika."

Mzee_wa_Mnara

Nzuri, ila hapo kwenye dharura pamekaa vibaya. Ukiandika hivyo, rubani atalazimika kutangaza hatari kwenye redio ndipo apate msamaha. Wengi hawatatangaza, wanaogopa maswali na fomu. Watachungulia. Andika kwamba inatosha rubani kuuambia mnara kuwa anageuza njia kwa ajili ya hali ya hewa au kwa tahadhari, na mnara uandike saa kwenye daftari lake. Rekodi ya hali ya hewa ya saa ile ipo, anayetaka kuhakiki atahakiki.

Na ile sehemu ya "hali ikiruhusu" weka kikomo. La sivyo mtu atageuza njia Ijumaa, hali itamruhusu Jumatatu.

Dada_Caravan

Haha Mzee unawajua. Weka hadi asubuhi saa tatu ya siku inayofuata. Aliyekwama jioni hawezi kurudi Kajjansi gizani, lakini saa tatu asubuhi ngurumo za ziwani kwa kawaida zimeshalegea.

Na hendlingi nayo iingie kwenye msamaha, Mbawa. Ukifuta kutua peke yake umefuta ule mstari ulioapa kuwa ndio mdogo. Kinachomfanya achungulie ni ule mkubwa.

Pakuba_Asubuhi

Hiyo ya mwisho mamlaka haiwezi kuifuta, si pesa yao. Waombeni ndege iliyogeuza njia iegeshwe mahali ambapo haihitaji kampuni. Kama kuna kona ya kuitosha na askari wa kuwasindikiza hadi getini, hendlingi haitakuwepo ya kufutwa.

Mbawa_Juu

Nimebadilisha zote tatu: taarifa kwa mnara badala ya kutangaza hatari, mwisho saa tatu asubuhi, na maegesho ya kando kwa waliogeuza njia. Kilo 2,000 nimeziacha ili 206 iingie. @Pakuba_Asubuhi kipande cha maegesho kiandike wewe, unajua wanavyofikiri. Nitumie kwa ujumbe wa ndani kabla ya Jumamosi, tunakutana hanga ya pili saa nne.